Zana Nyingi Katika Mpini Mmoja

Wako watu wakusanyao stampu za barua, na wako wakusanyao sarafu za zamani, wala hakuna awaulizaye sababu. Walakini mtu akionekana amekusanya visu vya kukunja vyenye msumeno, mkasi na bisibisi ndani ya mpini mmoja, au makoleo yakunjwayo yakabeba zana kumi ndani yake, huchekwa na kuambiwa: "Kimoja hakikutoshi?" Sisi tumeulizwa swali hilo mara nyingi, na twaona ni swali la haki. Makala haya ni jawabu lake. Tumeyaandika khasa kwa ajili ya vijana, na kwa ajili ya wazee wao ambao ndio hutakiwa watoe fedha za kununulia vitu hivi.

Kimoja humtosha mwenye kutaka kukitumia, lakini hakimtoshi mwenye kutaka kujua kipi kizuri. Fundi atengenezaye zana ya namna hii hupewa nafasi ndogo, isiyozidi kiganja cha mkono, na kila akitiacho ndani yake hukitia kwa kukipunguza kingine. Mkasi ukiwa mrefu, msumeno utakuwa mfupi. Koleo likiwa nene, mfuko utalemewa. Mwenye kukiona kimoja tu hawezi kujua ni nini kilichopunguzwa. Aviwekaye vitatu vinne juu ya meza huona mara moja. Tena vile visivyotangazwa sana ndivyo aghlabu vifundishavyo zaidi, kwani kila kimoja kilizuka ili kuondoa ila fulani iliyokuwamo katika kile kilicho mashuhuri.

Fikira yenyewe si ngeni. Katika nyumba ya makumbusho ya Fitzwilliam, mjini Cambridge, Uingereza, kimewekwa chombo cha Warumi cha karne ya 3 baada ya Nabii Isa. Mwili wake ni wa fedha, na ndani yake mmekunjwa kijiko, uma, mwiba mrefu, kijiti cha kuchokolea na kijipawa chembamba cha bapa. Kilikuwa na kisu pia. Twasema kilikuwa, kwa sababu kisu hicho kilifanywa kwa chuma, na chuma kimeliwa na kutu hata hakikusalia ila kidogo, na fedha ingalipo. Yaonekana kilikuwa chombo cha meza ya mtu mwenye mali, kwani fundi wa mikono asingalikuwa na haja ya uma wa fedha.

Kisu kijulikanacho leo ulimwenguni kwa jina la kisu cha jeshi la Uswisi kilizaliwa kwa sababu ya bunduki. Mwaka 1889 jeshi la nchi hiyo lilichukua bunduki mpya ya Schmidt-Rubin, ambayo askari hakuweza kuifungua na kuisafisha bila ya bisibisi. Askari huyo huyo alipewa chakula cha makopo. Basi wakubwa wakaona ni bora apewe kitu kimoja kuliko kutwikwa kisu, bisibisi na kifungulia kopo mbali mbali. Kisu hicho, kilichoitwa mfano wa 1890, kilikuwa na vitu vinne tu: kengee, yaani chuma chenye makali, kifungulia kopo, bisibisi, na maharazi ya kutobolea. Mpini wake ulikuwa wa mti wa mwaloni. La ajabu ni kuwa visu vya kwanza havikutengenezwa Uswisi. Hapakuwa na kiwanda cha kuiweza kazi hiyo, ikapelekwa Solingen, Ujerumani, kwa Wester & Co. Fundi mmoja wa Uswisi, Karl Elsener, aliyekuwa amefungua karakana yake huko Ibach mwaka 1884, hakupendezwa na jambo hilo. Mwaka 1891 akaanza kulitengenezea jeshi visu yeye mwenyewe, na gharama zikamlemea hata akakaribia kufilisika.

Kilichomwinua ni kisu kingine, alichokiandikisha tarehe 12 Juni 1897, kikaitwa kisu cha afisa. Jeshi halikumpa afisa kisu hicho, alijinunulia mwenyewe. Siri yake imo katika kamani. Kisu cha kukunja husimama wima, wala hakilegei, kwa sababu ya kipande cha chuma chenye kunyumbuka kilichofichwa mgongoni mwa mpini, ambacho husukuma kitako cha kengee. Elsener aliipanga kamani moja iwe ikisukuma zana za pande zote mbili za mpini, za juu na za chini. Hivyo akapata kuzidisha zana pasipo kuunenepesha mpini. Msomaji aliye na kisu cha namna hii nyumbani na akitazame mgongoni, ahesabu kamani, khalafu ahesabu zana, atastaajabu.

Hapa twataka kusema neno juu ya kizibuo cha mvinyo, ambacho kilitiwa katika kisu hicho tangu siku ile ya 1897. Baadhi ya wazee hukataa kuwanunulia watoto wao kisu kizuri kwa sababu ya kizibuo hicho. Kizibuo chenyewe ni kipande cha chuma tu, lakini katika nyumba zetu chala nafasi ya bure. Kampuni hiyo hiyo ya Victorinox hutengeneza kisu kiitwacho Spartan, chenye kizibuo mgongoni, na kingine kiitwacho Tinker, ambacho mahali pale pale pana bisibisi ya nyota. Urefu wao ni mmoja, milimita 91 vikiwa vimekunjwa, na kengee zao ni zile zile. Kwa nini basi watu wengi huondoka dukani na Spartan? Kwa sababu hawakuambiwa kuwa Tinker kipo.

Jambo jingine ambalo halionekani kwa macho ni ugumu wa chuma. Chuma kikitiwa maji kikawa kigumu mno, hushika makali muda mrefu, lakini hukatika kama kioo kikipindwa. Kikiwa laini, hukubali kupindwa, lakini makali hayadumu. Victorinox hawatumii ugumu mmoja kwa zana zote. Kwa kipimo cha Rockwell, kengee hupewa 56; mkasi, msumeno na tupa ya kucha 53; bisibisi, maharazi na vifungulia kopo 52; na kamani, ambazo hupindwa maelfu ya mara, 49. Tofauti ya namba hizo ni ndogo katika karatasi, lakini ndiyo itenganishayo kisu cha kudumu miaka thelathini na kile ambacho bisibisi yake husokoteka siku ya kwanza.

Uswisi ilikuwa na kiwanda cha pili, Wenger cha Delémont, nacho kililitengenezea jeshi visu kwa miaka mingi. Mwaka 2005 Victorinox ilikinunua, na baadaye jina la Wenger likaondolewa katika visu. Kwa mkusanyaji visu hivyo ni vya kutafutwa, wala si kwa sababu ya uchache wake tu. Mkasi wa Wenger una meno madogo madogo katika makali yake, na meno hayo hukamata kitu kisiteleze. Tumejaribu kukata uzi wa nailoni wa kuvulia samaki kwa mikasi yote miwili: ule laini uliusukuma mbele uzi, na ule wa meno ukaukata. Ni jambo dogo, lakini mwenye kisu kimoja asingalilijua. Kiwanda hicho hicho ndicho kilichotengeneza kisu kikubwa cha zana 87 zenye kazi 141, ambacho uzito wake wapita kilo moja na hakiingii katika mfuko wa mtu yeyote. Wengi humjua Wenger kwa kioja hicho, na mkasi wake mzuri hawaujui.

Kabla ya kuviacha visu, na tutaje kile cha jeshi la Uingereza kilichofanywa Sheffield, ambacho wakati wa vita vya pili vya dunia kilikuwa na vitu vitatu: kengee nene isiyo na ncha, kifungulia kopo, na mwiba mkubwa wa chuma. Mabaharia walipenda kengee isiyo na ncha, kwani chombo kikiyumba mtu hajidungi wala hamdungi mwenziwe. Mwiba ni wa kuachanisha nyuzi za kamba ili ncha mbili ziungwe pamoja, kazi ambayo kila nahodha wa jahazi katika pwani yetu aijua. Vitu vitatu tu, lakini kila kimoja kina nguvu kamili. Sisi twakipa kisu hiki daraja kubwa kuliko vingi vyenye zana kumi na tano.

Tuje sasa kwenye makoleo, ambayo mafundi wengi huyaita plaizi. Visu vyote tulivyovitaja vina upungufu mmoja: haviwezi kushika. Vyakata, vyatoboa, vyafungua, lakini nati iliyokwama haviiwezi. Mmarekani Tim Leatherman alilitambua jambo hilo mwaka 1975, alipokuwa akisafiri na mkewe katika Ulaya na Mashariki ya Kati kwa motokaa kuukuu ya Fiat. Motokaa ikiharibika njiani, mifereji ya hoteli za bei rahisi ikivuja, naye mfukoni hana ila kisu cha kukunja. Aliporejea kwao Portland, katika jimbo la Oregon, alitumia miaka akitengeneza koleo likunjwalo, akapata hati ya uvumbuzi mwaka 1980. Wenye viwanda vya visu wakamwambia hiki si kisu, ni zana. Wenye viwanda vya zana wakamwambia hii si zana, ni kisu. Mwaka 1983, pamoja na rafiki yake Steve Berliner, akaanza kuliuza mwenyewe kwa jina la PST.

Hilo ndilo mashuhuri, nasi hatutalisifu zaidi. Twataka kueleza ila zake, kwa kuwa hizo ndizo zilizozaa jamaa zake. Mipini ya PST ni ya bati la chuma lililokunjwa, na ukiliminya koleo kwa nguvu, kingo za bati huuma kiganja. Zana zake zimo ndani, wala huzifikii mpaka ulifungue koleo lote kwa mikono miwili. Kengee yake haina komeo la kuizuia isijifunge. Na nguvu ya meno yake ni nguvu ya mkono wako tu.

Gerber, ambao pia ni wa Portland, walijibu ila ya mikono miwili. Katika koleo lao meno hayakunjwi, bali huteleza ndani ya mipini. Unatikisa mkono mmoja, nayo hutoka mbele kwa mlio. Mtu aliye juu ya ngazi, mkono mmoja umeshika boriti, atalipenda. Lakini sehemu zenye kuteleza hazipatani na mchanga, na katika miji yetu ya pwani mchanga haukosekani mfukoni.

SOG, kampuni nyingine ya Marekani, walijibu ila ya nguvu. Katika koleo lao liitwalo PowerLock mipini haikuunganishwa moja kwa moja na meno. Katikati pana magurudumu madogo yenye meno, kama ya saa. Hesabu yake ni ile ile ya wenzo: mkono husafiri mwendo mrefu, meno ya koleo husafiri mwendo mfupi, na kilichopungua katika mwendo huzidi katika nguvu. Waya uliotushinda kwa PST ulikatika kwa PowerLock bila ya kukunja uso. Lakini mwendo uliopotea wahesabika vile vile: ili meno yafunguke kidogo tu, mipini yabidi itanuke sana, na mwenye mkono mdogo hupata taabu. SOG hao hao walikuwa na jingine, Paratool, ambalo kichwa chake hupinda pembeni kikasimama kama mraba, likaingia nyuma ya bomba ambako koleo lililonyoka halifiki. Hili ni katika tunayoyapenda sana, na watu wachache walijua.

Liko pia Crunch, la Leatherman wenyewe, ambalo meno yake hujifunga yakabaki yamekamata, kama jiriwa. Asili ya fikira hiyo ni mhunzi William Petersen, mzaliwa wa Denmark, aliyepata hati ya koleo lijifungalo huko Nebraska mwaka 1924. Crunch lachukua zana chache kuliko wenziwe, kwani mtambo wa kujifunga wala nafasi. Lakini skrubu iliyopoteza kichwa, ambayo makoleo mengine yote huisugua tu, Crunch huikamata na kuitoa.

Waswisi nao, walipotengeneza koleo lao la SwissTool, waliondoa ila tatu kwa mara moja. Kingo ni za mviringo, zana zafikiwa kutoka nje koleo likiwa limefungwa, na kila zana ina komeo. Gharama yake ni uzito: SwissTool ni takriban gramu 290, hali PST haizidi sana gramu 140. Mtu huvaa SwissTool juma la kwanza kwa fahari, na juma la pili huiacha nyumbani, na zana iliyoachwa nyumbani haifungui nati.

Miaka hii Wachina nao wameingia, na si wote ni waigaji kama isemwavyo. Roxon wana kisu kiitwacho KS ambacho mpini wake ukifunguliwa huwa mkasi kamili, na wana kingine, Flex, ambacho mwenyewe huzitoa zana asizozitaka akatia azitakazo. Hilo la pili ndilo swali la kizibuo lililojibiwa hatimaye.

Twajua wako watakaosema kukusanya namna hii ni israfu. Kwetu sisi ipo kanuni: hakiingii kipya sandukuni mpaka kiwe kinajibu jambo ambalo vilivyomo havikulijibu. Kisichojibu neno jipya hupewa mtu mwenye haja nacho. Kwa kanuni hiyo sanduku letu halijajaa.

Katika kupima, twavipa vyote kazi zile zile, siku moja, mkono mmoja. Kwanza twalifunga koleo na kulielekeza kwenye mwanga. Ncha zake zikiacha upenyo, halitashika uzi wala mwiba. Khalafu twaikamata kengee na kuitikisa ubavuni, kwani kinachocheza kikiwa kipya kitaanguka kikiwa kikuukuu. Twakaza skrubu tatu katika ubao wa mninga, ambao hauna huruma. Twakata kamba ya makumbi mara ishirini, na baada yake karatasi ya gazeti: makali yakichana karatasi badala ya kuikata, yamekwisha. Mwisho twalowesha mikono kwa maji ya sabuni na kujaribu kufungua kila zana. Hapo ndipo vingi vyenye sifa huaibika.

Kijana mmoja wa jirani zetu alituletea koleo linalong'aa, lililoandikwa katika kasha lake kuwa lina kazi 24. Tulizihesabu pamoja naye. Alama za kupimia urefu zilihesabiwa kuwa ni kazi. Tundu la kupitishia uzi lilihesabiwa. Bisibisi moja ilihesabiwa mara mbili. Katika mninga, skrubu ya kwanza iliingia, ya pili iliingia kwa shida, na ya tatu ikaisokota bisibisi kama utambi. Zana zote zilikuwa za chuma cha namna moja, laini. Kijana alihuzunika, tukampa Tinker kuukuu akitumie mpaka apate chake.

Sasa khatari, na hapa twaomba wazee wasome kwa makini. Kengee isiyo na komeo hukatia upande mmoja tu. Ukiisukuma kwa ncha, kama watoto wafanyavyo wakitoboa kopo, hujikunja juu ya vidole. Tuliloliona kwa macho yetu ni kidole cha mtoto wa miaka tisa kilichokatwa hata mfupa ukaonekana. Kutoboa ni kazi ya maharazi.

Kubwa kuliko hilo ni umeme. Makoleo ya mafundi wa umeme yamevikwa mipira katika mipini, na mipira hiyo imefanywa kwa kuzuia umeme. Makoleo ya kazi nyingi ni chuma kitupu tangu ncha hadi kitako. Nayo kwa kuwa yana bisibisi na kikata waya, humshawishi kijana afungue soketi au akate waya wa taa. Volti 230 zipitazo katika nyumba zetu zatosha kuua. Kuzima swichi ya ukutani si salama, kwani huenda waliotia waya walikosea upande. Na uzimwe umeme wote kwenye swichi kubwa, au kazi aachiwe fundi.

Na wasafiri wafahamu kuwa kisu au koleo lenye kengee haliruhusiwi katika mkoba wa kuingia nao ndani ya ndege. Mahujaji wengi wamenyang'anywa visu vya thamani uwanjani kwa sababu hiyo; viwekwe katika sanduku linalokabidhiwa. Wenye watoto walioko masomoni Uingereza na wajue pia kuwa sheria ya huko ya mwaka 1988 humruhusu mtu kuchukua kisu cha kukunja ambacho makali yake hayazidi inchi 3, lakini kikiwa na komeo hakimo katika ruhusa hiyo, na mwenye nacho atatakiwa atoe sababu ya haki. Komeo tulilolisifu kwa ajili ya vidole, huko laweza kumfikisha kijana mahakamani.

Atakaye kuanza hana haja ya kwenda dukani. Na aombe ruhusa afungue sanduku la zana la babu yake, au apite kwa wauzao vyuma vikuukuu, atafute kisu kilichokwama. Akitie katika maji ya moto yenye sabuni kwa saa moja, akijaribu kukifungua na kukifunga humo humo majini, bila ya kutumia nguvu za kuvunja. Khalafu akisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, akikaushe vizuri, na atie tone moja la mafuta ya cherehani katika kila bawaba. Mafuta ya kupikia yasitumike, kwani mengi huganda yakanata. Vingi tulivyoletewa tukaambiwa vimekufa vilifunguka siku ya pili, na viwili kati ya hivyo ni Wenger.